Chapa imetoka vibaya? Uliza kwanza wino umekaa wapi

Mtu anayejaribu kuchapa picha kwa mbinu za Ulaya za karne ya 15 na 16, karatasi ikimtokea na mapengo au ukungu, mkono wake hukimbilia parafujo ya mashine. Anaikaza. Ya pili ikitoka vibaya anaikaza tena. Mara nyingi kosa haliko hapo kabisa, na kama anachapa kwa ubao ataishia kuvunja mistari iliyokuwa salama.

Kabla ya kugusa mashine, jiulize unachapa kwa kilichobaki au kwa kilichoondolewa. Fundi wa ubao wa Nuremberg au Augsburg, miji ya Ujerumani, alipewa ubao wenye mchoro tayari, akakata pande zote mbili za kila mstari kwa kisu mpaka mstari ukabaki umesimama peke yake. Wino hupakwa juu ya hicho kilichobaki. Fundi wa shaba hufanya kinyume. Huchimba mfereji mwembamba kwa bureni, yaani chuma cha pembe nne kilichonolewa mshazari. Wino husukumwa ndani ya mfereji, uso wa bamba hufutwa ukawa safi, na karatasi yenye unyevu hulazimishwa kuingia humo ikauchote. Kwa hiyo dalili ileile inaweza kuwa na vyanzo viwili vinavyopingana, na dawa ya mmoja ikawa sumu kwa mwingine.

Chapa hafifu, yenye mapengo meupe

Kama ni ubao, angalia pengo liko wapi. Likirudi palepale kwenye kila karatasi, uso wa ubao umebonyea hapo. Weka rula ya chuma ukingo chini juu ya ubao, uinue usawa wa macho mbele ya dirisha: mwanga utapenya chini ya rula mahali palipobonyea. Usipige randa ubao uliokwisha kukatwa. Bandika kipande cha karatasi nyembamba mgongoni mwa ubao, chini ya sehemu ileile, kingo zake zikiwa zimechanwa kwa mkono na si kwa mkasi ili zisiache mstari mkali. Ongeza tabaka moja moja na uchape kila mara. Wachapaji wa vitabu walikuwa na sababu ya kujali jambo hili, maana ubao wao ulichapwa pamoja na herufi za risasi kwenye fremu moja, na ulipaswa kuwa na kimo cha herufi, takribani milimita 23 hadi 24. Ukipungua kidogo tu, maandishi yanatoka meusi na picha inatoka kama imekosa damu.

Pengo likihama kutoka karatasi moja hadi nyingine, ubao hauna kosa. Wino haukupakwa sawasawa. Zamani walitumia mipira ya ngozi iliyojazwa sufu au manyoya, wakigonga wino juu ya ubao badala ya kuuburuta. Rola ya mpira inafanya kazi hiyo vizuri kabisa leo, mradi upitishe tabaka jembamba mara nyingi badala ya tabaka nene mara moja.

Kama ni shaba, mshukiwa wa kwanza ni karatasi kavu. Karatasi ya siku zile ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na katani, ikapakwa gundi ya ngozi, na hata hiyo ililoweshwa kabla ya kuchapwa. Ya kwako iloweshe jioni, ipange kwa zamu na karatasi zisizoloweshwa, funika kwa plastiki, weka uzito juu, iache hadi asubuhi. Unataka iwe baridi ukiigusisha shavuni, lakini isiache alama ya maji. Karatasi kavu haiwezi kuzama mferejini. Inachota wino wa juujuu na kuuacha wa chini, nawe unapata mistari yenye vipele vyeupe katikati.

Mshukiwa wa pili ni blanketi za sufu zilizo kati ya rola na karatasi. Zikikauka na kukakamaa kwa gundi iliyotoka kwenye karatasi hazisukumi tena. Zioshe. Ni hapa tu, yaani kwenye shaba, na baada ya kuangalia karatasi na blanketi, ndipo kukaza mashine kunakuwa jibu halali. Mashine ya rola mbili hubana kwa nguvu ambayo mtambo wa parafujo wa kuchapia vitabu haukuwa nayo, na ndiyo maana kitabu chenye picha za shaba kilipitishwa kwenye mashine mbili tofauti na kugharimu zaidi.

Nafasi ndogo zimejaa wino

Kwenye ubao, wino ni mwingi mno au mwepesi mno. Punguza, kisha piga mswaki mkavu kwenye nafasi zilizoziba. Zikiendelea kujaa hata kwa wino mchache, hukuchimba kwa kina cha kutosha, hasa kwenye maeneo mapana meupe ambako karatasi hulegea na kugusa sakafu ya shimo. Kanuni yangu: kadiri eneo jeupe lilivyo pana, ndivyo kina kiwe kikubwa.

Kwenye shaba hakuna nafasi ya kujaa kwa namna hiyo. Ukiona weusi uliotapakaa kati ya mistari, hukufuta vya kutosha. Futa kwa shashi iliyokunjwa kuwa kifundo, kwa mzunguko, bila kuichimbia ndani. Kisha malizia kwa upande wa kiganja uliopakwa vumbi kidogo la chaki. Kiganja kipite haraka na kwa wepesi. Ukikibonyeza, kitanyonya wino kutoka mferejini na utarudi kwenye tatizo la kwanza. Bamba likiwa na uvuguvugu ambao mkono unauhimili, wino hulainika na kazi hii huwa rahisi.

Mistari ya ubao inavunjika

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na karibu kila mara chanzo ni pembe ya kisu. Mstari uliosimama unahitaji msingi: uwe mwembamba juu na mpana chini, kuta zake zikiteremka kwa nje. Ukiinamisha kisu upande usiofaa unauchimba mstari kwa chini, ukabaki na ukuta mwembamba usio na kitako. Utachapa karatasi chache vizuri, kisha kipande kitang'oka kimyakimya na kubaki kimenasa kwenye wino wa rola.

Jaribio: chukua ubao usio na kazi, kata mstari mmoja ulionyooka, kisha uukatize kwa msumeno uone umbo la kuta zake kwa upande. Kosa litajionyesha hapo kuliko maelezo yoyote.

Chanzo cha pili ni mbao yenyewe. Mafundi wa Renaissance, yaani wa karne hizo za 15 na 16, walipenda mti wa peasi na miti mingine yenye nyuzi za karibu na zisizo na mshono dhahiri, na walikata kwenye uso wa ubao uliorandwa kufuata urefu wa shina. Kukata kwenye kichwa cha gogo, pale miduara inapoonekana, ni mbinu iliyoenea baadaye, katika karne ya 18. Anayetafuta mbao Afrika Mashariki atavutiwa na mvule au msaji kwa sababu vinapatikana kwa fundi seremala yeyote. Mvule una nyuzi zinazopishana, kisu kinaenda vizuri upande mmoja na kunyofoa upande wa pili. Msaji una vinyweleo vipana ambavyo vitaonekana kwenye kila eneo jeusi. Mpera na mchungwa zina nyuzi za karibu zaidi. Vipande vyake ni vidogo, lakini udogo si kizuizi: zile picha za mchoraji Hans Holbein za Kifo akiwachukua watu wa kila cheo, zilizochapwa Lyon mwaka 1538, zilikatwa na Hans Lützelburger kwenye mbao zenye kimo cha sentimita sita na nusu hivi. Ukizitazama kwa lenzi unaona hata vidole vya mifupa.

Na usijilaumu kwa kuwa polepole. Wachoraji wakubwa mara nyingi hawakukata wenyewe. Tao la Ushindi, picha kubwa ya ubao ambayo Albrecht Dürer, mchoraji wa Nuremberg, na wenzake walimchorea Kaisari Maximilian, lilihitaji mbao zaidi ya 190, na aliyezikata ni Hieronymus Andreae na karakana yake huko Nuremberg.

Mstari uliokwisha kuvunjika hauunganishwi kwa gundi. Chimba shimo safi la pembe nne mahali pake, gonga ndani kipande cha mbao ileile, nyuzi zikielekea upande mmoja na za ubao, sawazisha uso, chora na ukate upya. Walifanya hivyo wenyewe, na kwenye chapa za zamani wakati mwingine kiraka huonekana kama mstari mweupe mwembamba mno unaozunguka uso wa mtu au herufi.

Bureni inateleza na kuacha mkwaruzo

Makali yameisha, au mkono umelala mno. Jaribu ncha kwenye ukucha wa kidole gumba bila kubonyeza: kali itanasa, butu itateleza. Noa uso wa mbele kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi juu ya jiwe lenye mafuta, bila kuyumbisha mkono, maana uso uliobetuka haukati hata ukimetameta. Ncha ikivunjika kila mara, unainua mkono ghafla mwishoni mwa mstari au unajaribu kukata kina chote kwa mpigo mmoja. Pita mara mbili.

Kwenye mistari ya mkunjo watu huzungusha kifundo cha mkono, na hapo ndipo bureni inapotoroka. Bamba liwekwe juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga, mkono wenye bureni utulie, na mkono mwingine uligeuze bamba kuelekea kwenye ncha. Uzi wa shaba unapaswa kujikunja mbele ya ncha bila kukatika. Wengi wa mabingwa wa mwanzo walitoka katika kazi ya usonara, ambako mwendo huu ulikuwa wa kila siku. Baba yake Martin Schongauer alikuwa sonara, na wa Dürer pia.

Mkwaruzo uliokwisha kutokea unakwanguliwa kwa chuma chenye makali matatu, kisha unasuguliwa kwa chuma laini chenye mafuta hadi usionekane ukielekezwa kwenye mwanga. Ukiwa wa kina utabaki na bonde. Ligonge bamba kutoka mgongoni kwa nyundo ndogo, uso ukiwa juu ya chuma bapa.

Mistari ikitoka na kivuli laini cha manyoya pembeni, hukuondoa ukingo wa shaba uliochomoza wakati wa kukata. Pitisha kikwangulio kwa kulala. Isipokuwa, bila shaka, kama kivuli hicho ndicho unachokitafuta. Dürer alikijaribu mwaka 1512 kwenye Mtakatifu Jeromu kando ya mti uliokatwa kichwa, akichora kwa ncha kavu moja kwa moja kwenye shaba. Ni weusi wa kupendeza kuliko wote, nao hufa mapema: ukingo huo husagwa na rola baada ya chapa chache.

Herufi na tarakimu zimegeuka

Kila kilichokatwa kinachapwa kinyume, upande wa kulia ukawa wa kushoto. Dawa ni kuchora kwenye karatasi nyepesi, kuigeuza na kuihamishia hivyo kwenye ubao au bamba, kisha kuikagua kwa kioo cha kujitazamia kabla ya kukata. Hata waliobobea walinaswa. Kwenye picha ya mchawi aliyempanda mbuzi kinyumenyume, herufi D ya saini ya Dürer imegeuka. Kwenye Melencolia I, picha yake ya shaba ya 1514, chapa za kwanza kabisa zina tarakimu 9 iliyogeuka ndani ya mraba wa namba, nayo ikarekebishwa baadaye kwenye bamba.

Duara la mafuta ya manjano kuzunguka mistari

Mafuta ya kitani hayakuchemshwa vya kutosha, hivyo yameachana na masizi yanayoupa wino weusi na kukimbilia kwenye karatasi. Halionekani siku ya kwanza. Wino uliotengeneza nyumbani uujaribu kwa kutia tone kwenye karatasi na kuliacha siku kadhaa. Sina subira na wanaosema duara hilo linaipa chapa sura ya kale.

Picha imekuwa mbili, au rangi hazikutani

Kwa ubao wa rangi moja, karatasi ilisogea: ama mto wa juu ni mnene na laini mno, ama uliinua kona kuchungulia. Kwa mbao za rangi mbili au zaidi, kama zile za Hans Burgkmair na Jost de Negker huko Augsburg, au za Ugo da Carpi aliyeomba hati ya kulinda mbinu hiyo Venice mwaka 1516, chanzo kikubwa ni karatasi kukauka kati ya ubao mmoja na mwingine. Ikikauka inasinyaa, milimita moja inatosha kuhamisha mwanga wa pua hadi shavuni. Chapa rangi zote siku moja, au zihifadhi chini ya plastiki zikiwa na unyevu uleule.

Ufa, kupinda, matundu ya mviringo

Ubao uliooshwa upande mmoja kwa maji utapinda. Safisha kwa mafuta na kitambaa, uhifadhi kwa kusimama, hewa ikipita pande zote. Ufa ni matokeo ya mbao mbichi au ya kuanikwa. Matundu meupe ya mviringo kamili, yenye ukubwa wa kichwa cha pini, ni ya wadudu.

Mfano mzuri wa yote haya ni Kifaru cha Dürer cha mwaka 1515. Mnyama mwenyewe alitoka India kwa meli ya Wareno iliyotia nanga Msumbiji kabla ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Lisbon. Dürer hakumwona, alitegemea barua na mchoro. Ubao uliendelea kuchapwa kwa miongo mingi baada ya kifo chake, na chapa za mwishomwisho zinaonyesha ufa mrefu unaopita kwenye miguu, pamoja na matundu ya wadudu. Wanaopanga umri wa chapa hizo hufuata ufa huo unavyorefuka.

Chapa zilikuwa nzuri, sasa zinazidi kuharibika

Uchakavu nao una sura mbili. Ubao ukichoka mistari inanenepa: kingo zimesagika na kulegea, nafasi kati yake zinafunga, na mistari ya pembezoni inameguka kwanza. Shaba ikichoka mistari inakonda. Uso wa bamba umelika kwa kufutwa na kubanwa, mifereji imepungua kina, vivuli vya mbali vinatoweka. Kwa shaba unaweza kupitisha bureni tena kwenye mistari ileile, ingawa jicho zuri litaona mistari mikali mipya kando ya iliyopauka. Kwa ubao hakuna cha kunoa.

Chuma kina ugonjwa wake. Dürer alichora kwa asidi kwenye mabamba ya chuma kati ya 1515 na 1518, likiwemo lile la mandhari yenye mzinga. Chapa za baadaye zina madoa yaliyotapakaa hata angani, kwa sababu kutu huchimba vishimo na vishimo hushika wino. Bamba la chuma lipakwe mafuta mazito siku hiyohiyo.

Chapa ya kale uliyouziwa inatia shaka

Wasomaji wa pwani hukutana zaidi na karatasi moja: ile yenye Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala pamoja, kutoka juzuu la kwanza la miji ya dunia lililotolewa Cologne mwaka 1572 na Georg Braun na Franz Hogenberg. Ni kazi ya shaba, kwa hiyo ikague kama shaba. Inamisha karatasi kwenye mwanga wa pembeni: lazima kuwe na bonde la pembe nne lililoachwa na ukingo wa bamba. Hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa bonde linaweza kubanwa baadaye kwa bamba tupu. Chukua lenzi uangalie mstari mmoja kwenye bahari. Wa shaba una wino uliosimama kidogo juu ya karatasi na miisho inayochongoka. Ukiona nukta zilizopangwa, ni nakala ya mashine ya kisasa. Geuza nyuma, mara nyingi kuna maandishi, kwa kuwa karatasi ilitolewa kitabuni. Rangi haithibitishi lolote: ilipakwa kwa brashi, pengine karne ya 16, pengine juzi dukani.